Hakuna chakula kimoja cha Kihindi: namna ya kuzisoma sahani za India na Pakistan

Orodha ya vyakula katika mkahawa wa Kihindi haibadiliki sana, uwe Nairobi, Dar es Salaam, London au Toronto: kuku wa tandoori, kuku wa siagi, jibini ya paneer kwenye mchuzi mwekundu, dengu nyeusi zenye malai, na nan ya moto ya kumegea. Ukila hivyo mara mbili tatu unaondoka ukiamini kwamba chakula cha Kihindi umekijua. Ulichokijua ni chakula cha Punjab, tena kile kilichopitia jiji moja, Delhi, baada ya mwaka 1947. Mvuvi wa Bengal hali hivyo kwake, mkulima wa Tamil Nadu hali hivyo, na nyumba nyingi za India hazina hata tanuri la kuokea hiyo nan.

Mkanganyiko wa pili ni wa mpaka. Watu huuliza chakula cha Pakistan kina tofauti gani na cha India, na swali likiulizwa hivyo halina jibu. Mpaka uliochorwa mwaka 1947, Waingereza walipoondoka na Pakistan ikatengwa na India, uliipasua Punjab katikati, ukaiacha Lahore upande mmoja na Amritsar upande wa pili, miji iliyo umbali wa kilomita 50 hivi. Msimu wa baridi ukifika, pande zote mbili hupika majani ya haradali polepole mpaka yalainike kabisa, huyala kwa mkate wa unga wa mahindi, na juu huwekwa bonge la siagi. Mtu wa Amritsar na mtu wa Lahore wanaelewana mezani kuliko yeyote kati yao anavyoelewana na mtu wa Chennai, kusini mwa India. Serikali zao zimefikishana hadi Umoja wa Ulaya kugombea jina la basmati, India ikiomba jina lilindwe kama lake na Pakistan ikapinga, huku mchele wenyewe ukiota mashambani pande zote mbili.

Basi mpaka wa nchi usiutegemee sana. Mimi nimeona maswali matatu yanasaidia zaidi: hapa wanalima nafaka gani, wanakaangia mafuta gani, na uchachu wanautoa wapi.

Nafaka ndiyo inayogawa Bara Hindi mapande makubwa. Kaskazini-magharibi, kuanzia Sindh na Punjab, ni nchi ya ngano, kwa hiyo chakula hupikwa kizito ili kimegwe na roti. Mashariki na kusini ni nchi ya mchele, na michuzi huwa myepesi ili wali uinywe. Penye ukame huingia uwele, mtama na ulezi. Jangwa la Rajasthan lina maji kidogo na mboga za majani chache, ndiyo maana wapishi wake walijifunza kupika mchuzi kwa mtindi, na badala ya mboga hutia vipande vya unga wa dengu uliokandwa na kuchemshwa.

Mafuta nayo yana nchi zake. Kerala ni nazi, na mtu wa Lamu au Pemba akipewa samaki wa Kerala aliyepikwa kwa tui hatahitaji maelezo. Bengal ni mafuta ya haradali, yenye ukali unaopanda puani, hivyo huachwa kwanza jikoni mpaka yafuke moshi ndipo kitu kiingie. Punjab ni samli. Gujarat ni mafuta ya karanga. Peshawar, kaskazini-magharibi mwa Pakistan, ni mafuta ya mnyama mwenyewe, ya ng'ombe au ya kondoo wa mkia mnene.

Uchachu ndio watu wengi hawaushughulikii, na kwangu ndio unaosema ukweli kuliko vyote. Kusini huchachusha kwa ukwaju. Kaskazini hukausha maembe machanga na kuyasaga. Punjab na Peshawar hutumia punje za komamanga zilizokaushwa. Pwani ya Konkan, kusini mwa Mumbai, ina tunda la kokum linaloupa mchuzi rangi ya zambarau. Goa hutumia siki, desturi iliyofika na Wareno waliotawala pale tangu 1510.

Chukua mbaazi zilizokobolewa, zile zile, uzipitishe katika majiko mawili. Mama wa Gujarat atazichemsha mpaka zipondeke, atie sukari guru na kokum au ndimu, kisha akaange haradali na bizari nyembamba pembeni na kuzimimina juu zikiwa bado zinalialia. Zinatoka tamu na chachu kwa pamoja. Mama wa Tamil Nadu atatia maji ya ukwaju, mboga vipandevipande, bizari yake ya giligilani na pilipili kavu, na majani ya kari, na hiyo ndiyo sambar. Kitu kimoja kimetoa vyakula viwili ambavyo ukifumba macho hutajua vina asili moja.

Juu ya hayo yote inakaa dini. Dhana kwamba Wahindi hawali nyama ni ya kuachwa: Gujarat, Rajasthan na Haryana wasiokula nyama ni wengi kweli, lakini Kerala, Bengal na majimbo ya kaskazini-mashariki nyama na samaki ni chakula cha kawaida. Wafuasi wa Ujaini, dini ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote, huenda mbali zaidi, wakaacha hata vitunguu, vitunguu saumu na viazi, kwa kuwa kuving'oa ardhini ni kuua mmea mzima na vijidudu vilivyomo. Ndiyo sababu vibanda vya Mumbai humpikia Mjaini kwa ndizi mbichi pale mwingine anapopata viazi. Kashmir ina mfano ninaoupenda zaidi. Waislamu na Mapandit wa Kihindu wote hupika mchuzi mwekundu wa kondoo uitwao rogan josh. Waislamu hutia vitunguu na saumu. Mapandit hula kondoo bila shida, lakini vitunguu hawavitaki, hivyo hutumia mvuje, shamari na tangawizi kavu. Jina ni lile lile, bonde ni lile lile, na harufu ni mbili.

Vyakula vya barabarani vinataka maelezo ya namna nyingine. Chakula cha nyumbani hufuata shamba, ila cha barabarani hufuata watu wanaohama: mkimbizi, kibarua wa kiwandani, kijana aliyetoka kijijini bila jiko.

Mumbai ilikuwa jiji la viwanda vya nguo, na wafanyakazi walihitaji kitu cha bei ndogo kinacholiwa kwa mkono mmoja wakikimbilia treni. Mwaka 1966 mchuuzi Ashok Vaidya alikuwa na kibanda nje ya stesheni ya Dadar, na yeye ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wa vada pav: tonge la viazi vilivyopondwa na manjano, pilipili mbichi na saumu, likachovywa kwenye uji wa unga wa dengu, likakaangwa, kisha likabanwa ndani ya mkate mdogo laini pamoja na unga mkavu wa saumu na pilipili. Mwaka 1982 ulizuka mgomo mkubwa wa viwanda vya nguo ambao vingi havikuamka tena, na baadhi ya waliopoteza kazi walifungua vibanda vya kuuza kile walichokuwa wakikila. Leo vada pav ni utambulisho wa jimbo zima la Maharashtra. Ukiichambua utakuta viazi, pilipili na huo mkate vyote vilifika kwa njia ya Wareno. Viwili vya kwanza asili yake ni Amerika.

Halafu kuna jamii nzima ya vitafunio iitwayo chaat, na hapo ndipo mgeni hupotea, maana majina ni mengi mno. Siri ni kwamba chaat zote zimejengwa kwa kanuni moja: kitu kikavu chenye kuvunjika, kitu laini cha kushibisha, uchachu, utamu, ukali, na mara nyingi mtindi baridi wa kupoza. Juu hunyunyizwa unga wenye chumvi nyeusi, ambayo harufu yake ni ya yai lililochemshwa na humshtua asiyeizoea.

Itazame ile inayopendwa kuliko zote. Ni kipuri kidogo kilichofura, chepesi, tupu ndani. Mchuuzi anakitoboa kwa kidole gumba, anashindilia viazi na dengu, anakizamisha kwenye chungu cha maji baridi ya mnanaa, ukwaju na pilipili, na anakupa kimoja. Unakitia mdomoni kizima, palepale, kabla hakijalainika, na ukimaliza kutafuna kingine kimeshafika. Wateja wanasimama duara na yeye anawazungukia akikumbuka nani amekula vingapi na nani hataki ukali. Mwishoni kila mtu anapewa kimoja kikavu bila malipo, na ukinyimwa una haki ya kudai. Mumbai hukiita pani puri na ndani hutia njegere nyeupe za moto, kwa hiyo unapata moto na baridi kwa mpigo. Delhi na Lahore husema gol gappa. Kolkata husema puchka, viazi vyake vimekandwa na ukwaju na viungo, na maji yana ndimu yenye harufu kali. Watu wa Kolkata hawakubali hata kidogo kwamba ni kitu kimoja na cha Mumbai, na nikiangalia kilichomo ndani, nawaelewa.

Indore, katikati ya India, ina soko la masonara liitwalo Sarafa. Mchana wanauza dhahabu. Usiku maduka yakifungwa, wapishi wanapanga majiko mbele ya milango ile ile na watu wanakula mpaka saa nane za usiku. Wenye maduka wanawakaribisha, kwa kuwa mtaa wenye watu ni mtaa wenye ulinzi.

Wapishi wa barabarani wenyewe hawana raha kama chakula chao. Kufukuzwa na kunyang'anywa mikokoteni kuliwaandama kwa miaka mingi, mpaka bunge la India lilipopitisha mwaka 2014 sheria ya kulinda riziki ya wachuuzi, inayotaka kila mji uwe na kamati yenye wawakilishi wao kabla ya kumhamisha yeyote. Utekelezaji unasuasua mjini hapa na pale, lakini haki imeandikwa, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayeishi kwa sufuria moja.

Tugeukie mgawanyiko wa 1947, ambao ulihamisha mamilioni ya watu pamoja na vyungu vyao. Kundan Lal Gujral alikuwa akifanya kazi mkahawani Peshawar. Alikimbilia Delhi, na yeye na wenzake wakafungua Moti Mahal katika mtaa wa Daryaganj wakitumia tanuri la udongo walilolizoea huko kwao. Huko ndiko kuku wa tandoori alikopata umaarufu wake, na huko ndiko kunakotajwa kuzaliwa kwa kuku wa siagi: kuku aliyeokwa akatiwa kwenye mchuzi wa nyanya, siagi na malai ili asikauke. Mwaka 2024 warithi wa Gujral na mkahawa wenye uhusiano na familia ya mshirika wake, Kundan Lal Jaggi, walifikishana Mahakama Kuu ya Delhi wakigombea nani hasa aliyembuni. Orodha ile niliyoanza nayo, inayokufuata kila jiji duniani, ni chakula cha wakimbizi waliofungua biashara na ikakubali.

Upande wa pili, Waislamu waliotoka Delhi, Lucknow na Hyderabad walihamia Karachi kwa wingi. Walibeba nihari, nyama ya muundi wa ng'ombe inayopikwa usiku kucha kwa moto mdogo hadi uboho wote umeingia mchuzini, ikaliwa asubuhi kwa nan, na juu yake tangawizi iliyokatwa nyuzinyuzi, pilipili mbichi na ndimu. Delhi ya zamani wako wapishi wanaobakisha sehemu ya chungu cha jana na kuitia kwenye cha leo, siku baada ya siku. Leo Mpakistani akiulizwa chakula cha taifa lake, nihari haikosi kutajwa, na chimbuko lake liko mitaa ya Delhi. Burns Road, mtaa wa vyakula wa Karachi, umejaa mapishi ya waliohama. Hapo pia kuna mkate wa kababu: kababu ya dengu na nyama iliyosagwa, inachovywa kwenye yai, inakaangwa, inawekwa ndani ya mkate wa duara na chatini. Kwa njaa ya mchana sijui kitu bora zaidi yake kwa bei ile.

Ukitoka Karachi kuelekea kaskazini na magharibi, kuna jambo linatokea ambalo wengi hawalitegemei: viungo vinapungua. Lahore bado ni nchi ya masala, yenye samaki wa kukaanga kwa unga wa dengu, na yenye lile chuma bapa ambalo mpishi anakatakatia figo, mioyo na ubongo kwa visu viwili vipana, mlio ukisikika kabla hujakiona kibanda. Peshawar mambo yanatulia. Kababu yake maarufu, chapli, ni nyama ya ng'ombe ya kusaga iliyotiwa nyanya, punje za giligilani zilizovunjwavunjwa na komamanga kavu, ikabanwa kwa kiganja iwe bapa pana, ikakaangwa kwenye karai kubwa la mafuta ya mnyama. Katika soko la Namak Mandi nyama ya kondoo hupikwa kwa chumvi, nyanya, pilipili mbichi na mafuta yake basi. Ukifika Balochistan, sajji ni mwanakondoo au kuku aliyechomekwa mtini na kusimamishwa kuuzunguka moto wa kuni, chumvi peke yake. Anayesema chakula cha Pakistan ni kikali kwa viungo amefika Karachi na Lahore, Quetta, mji mkuu wa Balochistan, hajafika. Kule chakula kinaelekea Afghanistan.

Biriani ndiyo sahani inayoonyesha haya yote kwa pamoja. Hyderabad nyama hulazwa mbichi kwenye mtindi, papai bichi na viungo, wali ulioiva nusu unawekwa juu, mfuniko unazibwa kwa unga uliokandwa na makaa yanapaliwa juu. Vyote vinaivana humo ndani, na mpishi hana nafasi ya kuonja wala kurekebisha. Lucknow hupika nyama kwanza na kuivisha wali kwa supu yake, harufu inakuwa ya upole. Malabar, pwani ya Kerala, hawatumii basmati, wana mchele wao wa punje fupi. Biriani ya Sindh hutiwa viazi, nyanya na plamu kavu zinazochachusha. Ya Kolkata nayo ina kiazi kizima, na huhusishwa na Wajid Ali Shah, mtawala wa mwisho wa Awadh, ufalme wa Lucknow. Waingereza walimpokonya ufalme wake mwaka 1856 na akaishia Metiabruz, pembezoni mwa Kolkata, pamoja na wapishi wake. Wapo wanaosema kiazi kilifidia nyama ambayo hazina haikuimudu tena, na wapo wanaosema kilikuwa kitu kipya cha fahari. Ya Mombasa na Zanzibar ni njia nyingine kabisa: wali hupikwa peke yake na kutiwa rangi, mchuzi mzito wa vitunguu vilivyokaangwa na mtindi hupikwa peke yake, na hukutana kwenye sahani. Mhyderabadi ataona hilo si biriani. Kwangu ni biriani yenye ukoo wake.

Ukoo huo una bandari. Wahindi waliokuja pwani yetu walitoka zaidi Kachchh na Gujarat, na Mandvi ya Kachchh ilikuwa bandari ya majahazi ya Zanzibar na Mombasa. Wapunjabi wengi walikuja baadaye, na reli ya Uganda iliyoanza kujengwa mwaka 1896. Ndiyo maana vitafunio vyetu vya barabarani havifanani na orodha ya mkahawa: bhajia, chevda, na sambusa ya manda membamba yenye nyama, iliyo karibu na ya Mabohora, Waislamu wa Kigujarati, kuliko ile nene ya viazi ya Punjab. Kachori yetu, tonge la viazi lenye ndimu na pilipili lililochovywa na kukaangwa, ni ile ile vada ya ndani ya mkate wa Mumbai, ilhali kachori ya Rajasthan ni andazi kavu lenye dengu ndani. Hata urojo wa Zanzibar, na bhajia zake, viazi, chevda na uchachu wa embe, ukiuweka mbele ya kanuni ile ya chaat unajieleza wenyewe, ila mishikaki ni ya kwetu.

Na safari haikuwa ya upande mmoja. Ulezi ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki ukafika India maelfu ya miaka iliyopita. Karnataka husongwa bonge zito la kahawia liitwalo ragi mudde, linalochovywa kwenye mchuzi na kumezwa bila kutafunwa, na yeyote aliyelelewa kwa ugali wa wimbi atajua pa kuanzia. Mkwaju nao ni mti wa Afrika. Mbaazi ndizo zilizopita kinyume: asili yake ni India, zikaja kwetu, na sasa zinarudi kwa meli. Mkulima wa Lindi, Mtwara au Babati hulima mbaazi ambazo nyingi huishia kwenye sambar ya Chennai na kwenye mchuzi mtamu wa Ahmedabad, Gujarat. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia, bei ilianguka Tanzania, Msumbiji na Malawi, na magunia yakabaki maghalani mpaka wengine wakaacha kulima. Mei 2021 India ikaondoa ukomo huo, kwa kuwa mbaazi zake zenyewe hazitoshi kulisha majiko yake.